Sura ya Sita: Homa Iliyopanda Basi

Mwezi Mei 2013, maafisa wa Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na wataalamu wa CDC ya Marekani walibisha hodi katika nyumba 701 za eneo la Tudor, kisiwani Mombasa. Waliwapima damu watu 1,500, wakawauliza nani ameugua siku za karibuni, alikwenda kutibiwa wapi, na huko aliambiwa anaumwa nini. Majibu ya maabara yaliporudi, asilimia 13 ya watu hao walikutwa na dalili za maambukizi mapya ya dengi. Kilichosikitisha zaidi ni habari walizosimulia wenyewe. Wengi wa waliougua walikuwa wamekwenda kutibiwa kama inavyotakiwa, wakarudi nyumbani na jina la ugonjwa mwingine, mara nyingi malaria. Dengi ilikuwa imetapakaa mtaani na karibu hakuna aliyeitaja.

Kutoka Tudor hadi Eldoret ni karibu kilomita 800 za barabara, na kwa jumla ni safari ya kupanda, kutoka ufuoni hadi takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa mitaa ya mji huo, kama Langas, Kapsoya au Kimumu, akiulizwa kuhusu dengi atasema hiyo ni homa ya watu wa Pwani. Kwa kiasi kikubwa hakosei, na ni haki kueleza kwa nini hakosei kabla ya kumtia hofu.

Mbu anayeeneza dengi ni Aedes aegypti, na joto ndilo linalompa uwezo. Akimnyonya mgonjwa damu, virusi humwingia tumboni, vikaongezeka, kisha vikasafiri hadi kwenye tezi zake za mate. Katika joto la nyuzi 25 hadi 28 safari hiyo huchukua siku 8 hadi 12, na kuanzia hapo kila anayeumwa na mbu huyo yumo hatarini. Joto likishuka chini ya nyuzi 18, virusi hujikokota mno hata mbu mara nyingi hufa kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Wastani wa joto la Eldoret kwa mwaka ni karibu nyuzi 17. Ndiyo maana mlipuko wa dengi wa kuanzia mtaa wa Huruma na kuenea hadi ule wa Munyaka si jambo la kutazamiwa kwa sasa. La kutazamiwa ni mgonjwa mmoja mmoja, anayeshuka garini akiwa tayari na virusi mwilini.

Na magari hayakosi. Barabara kuu inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda hupita Eldoret, na malori ya makontena na ya mafuta hupita usiku na mchana yakielekea Malaba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi wanaotoka Pwani hurudi chuoni kila muhula. Mwezi Desemba familia nzima hushuka Mombasa na Diani kupumzika, zikarudi kabla shule hazijafunguliwa. Dengi hukaa mwilini siku 4 hadi 10 kabla ya kujitokeza. Mtu aliyeumwa na mbu Likoni, Mombasa, siku ya mwisho ya likizo atafika nyumbani mzima kabisa, atafua nguo za safari, ataingia kazini, ndipo homa imshike.

Wala si lazima mtu afike Pwani. Kisumu, mji ulio chini ya saa tatu kutoka Eldoret kwa matatu, uko kwenye mita 1,130 hivi, na joto lake linamfaa sana mbu huyu. Kati ya Julai 2014 na Juni 2015 watafiti walipima damu ya watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa, Kisumu mjini na Chulaimbo nje kidogo ya mji. Walikuta kundi la watoto wenye dengi, na ndani ya kundi hilo zilikuwemo aina zote nne za virusi hivyo. Kama damu hiyo isingepimwa kwa utafiti, homa zile zingepita kama homa nyingine yoyote.

Upande wa pili wa Eldoret, mwendo mfupi baada ya Iten, ardhi hukatika ghafla na kuteremka zaidi ya mita elfu moja hadi Bonde la Kerio, kunakotoka maembe yanayouzwa sokoni Eldoret. Huko chini ndiko homa ya manjano ilikozuka mwaka 1992 na kuendelea hadi 1993, ikaua watu wa Elgeyo-Marakwet na Baringo, serikali ikalazimika kuendesha kampeni kubwa ya chanjo. Virusi vya homa ya manjano na vya dengi ni vya ukoo mmoja, na vyote hubebwa na mbu wa jamii ya Aedes. Mtu wa nyanda za juu anayedhani magonjwa haya yako mbali angetazama bonde hilo kutoka ukingoni Iten, aone umbali wenyewe.

Hata mwinuko wenyewe si ukuta. Nairobi, kwenye mita 1,800 hivi, watafiti wamemkuta Aedes aegypti, japo kwa uchache kuliko Kisumu na Kilifi. Nchini Mexico amekutwa katika miji iliyopita mita 2,000, sawa na kimo cha Eldoret. Nyanda za juu za Bonde la Ufa zimekwisha kuonja jambo la namna hii kwa malaria, maana Uasin Gishu imo kati ya kaunti ambako malaria hulipuka msimu wa mvua na joto ukienda kombo, ikawakuta watu wasio na kinga. Dunia inazidi kupata joto. Anayejenga nyumba Eldoret leo anajenga ya kuishi miaka 50, na katika muda huo hali ya hewa haitabaki kama ilivyo.

Kwa Waswahili dengi si ngeni. Zanzibar ilipatwa na milipuko mwaka 1823 na tena 1870, na Tanzania hadi leo wako wanaoiita kidingapopo. Kenya ilithibitisha mlipuko Malindi mwaka 1982. Kisha ukapita muda mrefu wa kimya, uliovunjwa na Mandera mwaka 2011, ambako maelfu waliugua. Halafu Mombasa 2013, na Mombasa pamoja na Lamu tena 2021. Dar es Salaam iliteseka 2014 na 2019. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipokea taarifa za wagonjwa zaidi ya milioni 14 duniani kote, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla.

Homa yenyewe hujaje? Chukua mfano wa dereva wa lori aliyekaa Changamwe, Mombasa, siku mbili akisubiri kupakia. Asubuhi, akinywa chai kibandani, mbu alimuuma kifundo cha mguu. Hakujali, maana kwake mbu wa hatari ni yule wa usiku. Siku ya sita, akiwa nyumbani kwake Eldoret, homa inampanda ghafla hadi nyuzi 39 au 40. Kichwa kinagonga. Macho yanauma kwa ndani, na akiyazungusha kutazama pembeni yanazidi. Mgongo, mapaja na viungo vinamuuma mpaka kujigeuza kitandani ni kazi. Chakula hakitamaniki, kichefuchefu kipo, na baada ya siku mbili tatu huenda vipele vyekundu vikatokeza kifuani na mikononi. Kikohozi na mafua kwa kawaida havimo. Watoto huenda wasionyeshe haya yote. Mdogo huwa na homa na kulialia tu. Na watu wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au huugua kidogo wasilale hata siku moja.

Sasa dereva huyu anakwenda kutibiwa. Anapimwa malaria, na inafaa apimwe: malaria huua haraka, ina dawa, na magharibi mwa Kenya kila homa lazima ipimwe malaria kwanza. Kipimo kinaonyesha hana. Hapo ndipo mambo huharibika. Katika kliniki nyingi na maduka ya dawa, homa isiyo malaria huitwa taifodi, na kwa wafugaji wa Bonde la Ufa wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa huitwa brusela. Magonjwa hayo yapo kweli na yanahitaji tiba yake. Lakini mgonjwa akishapewa jina moja kati ya hayo, pamoja na antibiotiki za siku saba, hakuna tena anayeuliza swali lingine. Antibiotiki hazina la kufanya mbele ya virusi. Hasara yake kubwa ni kwamba zinaituliza familia wakati haitakiwi kutulia.

Swali ambalo lingebadili mambo ni jepesi: wiki mbili zilizopita ulikuwa wapi? Mgonjwa asisubiri kuulizwa. Aseme mwenyewe kabla hata ya kueleza maumivu: nimetoka Mombasa, nimetoka Kisumu, nimetoka Dar es Salaam, tarehe fulani. Kipo kipimo cha damu kinachotafuta protini ya virusi inayoitwa NS1, ambacho hufanya kazi vizuri katika siku tano za kwanza za homa; baada ya hapo hutafutwa kingamwili zilizotengenezwa na mwili. Kinahitaji mtu wa kukiagiza, na mtu huagiza kipimo cha ugonjwa alioushuku. Mgonjwa akikutwa na malaria pia, dengi haijafutika, maana zote mbili zaweza kukaa katika mwili mmoja.

Kisha inafika siku ya kuangaliwa kuliko zote, nayo huja ikiwa na sura ya kupona. Kati ya siku ya tatu na ya saba homa hushuka. Mgonjwa anatoa jasho, anaomba uji, jamaa wanashukuru Mungu na kurudi shambani. Kwa wengi hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini kati ya watu 20 wanaougua dengi, karibu mmoja huingia kwenye dengi kali, na saa zake za hatari ni zile 24 hadi 48 baada ya homa kushuka. Mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Majimaji ya damu hutoka mishipani na kujaa tumboni na kuzunguka mapafu, damu inayobaki huwa nzito, shinikizo lake huanguka, na viungo hukosa hewa. Wakati huohuo chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, huwa zimepungua sana.

Dalili zake zinaonekana kwa macho, na mama au shangazi anayemuuguza mtu anaweza kuziona kabla ya daktari. Tumbo linauma kwa nguvu na halitulii. Anatapika mara kwa mara, mara tatu au zaidi kwa siku. Fizi au pua zinatoa damu, au damu inaonekana kwenye matapishi, au choo ni cheusi. Anahema harakaharaka. Mikono na miguu imekuwa baridi, ngozi imepauka na ina unyevu, ilhali homa imeshuka. Analegea mno, au hatulii, anageukageuka na kusema yasiyoeleweka. Amekaa saa sita hajakojoa. Yoyote kati ya haya, hata moja tu, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane, haingoji kupambazuke. Eldoret ina bahati ya kuwa na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na wagonjwa hutoka mbali kuifuata. Dengi kali haina dawa ya kuua virusi, lakini dripu iliyopimwa vizuri, na damu inayokaguliwa mara kwa mara, huokoa karibu wote: kwa huduma nzuri, wanaokufa hawafiki mmoja kati ya 100.

Aliyewahi kuugua dengi asijione ana kinga. Kuugua aina moja kati ya zile nne humkinga mtu dhidi ya aina hiyo, na hatari ya dengi kali huongezeka akija kuambukizwa aina nyingine. Dereva, mfanyabiashara wa nguo na mwanafunzi wanaorudi Pwani mwaka hadi mwaka wanapaswa kulijua hili.

Lipo kosa moja la dawa linalostahili kusemwa kwa sauti. Mtu anayeumwa viungo hukimbilia kemisti kununua dawa ya maumivu, au huomba achomwe sindano apate nafuu upesi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha hatari ya kuvuja damu kwa mgonjwa wa dengi, na sindano ya msuli inaweza kuacha damu ikikusanyika ndani ya nyama. Dawa salama ni parasetamoli, isiyozidi mara nne kwa siku, kwa nafasi ya saa sita. Baadhi ya vidonge vya kichwa vinavyouzwa kimojakimoja madukani vina aspirini ndani yake, na anayeuziwa viwili vilivyokatwa kwenye karatasi hana pa kusoma. Aombe pakiti aione, au anunue parasetamoli kwa jina lake.

Kazi nyingine ya nyumbani ni kunywesha. Mtu mzima ahesabiwe glasi tano au zaidi kwa siku, na zisiwe za maji matupu pekee: maziwa, maji ya matunda, maji ya mchele, uji mwepesi, na maji yenye chumvi na sukari ya ORS kutoka dukani. Anywe kidogokidogo kila baada ya muda mfupi, hasa kama tumbo linakataa. Mkojo ndio kipimo cha bure kila mwenye nyumba alicho nacho. Ukitoka mara kwa mara na ukiwa mweupe, maji yanatosha. Juu ya majani ya mpapai, ambayo Tanzania na kwingineko watu huyakamua na kuyanywa ili kupandisha chembe sahani: ushahidi uliopo hautoshi kumfanya mtu ayategemee, na familia imepotoka ikiyategemea huku dalili za hatari ziko mbele yake.

Mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana. Ushauri huu huwashangaza watu wa nyanda za juu, waliozoea kushusha neti jioni kwa ajili ya malaria. Aedes huuma mchana, zaidi asubuhi baada ya kucha na alasiri kabla ya magharibi. Mtu mwenye dengi huweza kumpa mbu virusi tangu kabla kidogo ya homa kuanza hadi karibu siku ya tano, kwa hiyo neti ya mchana inawakinga jirani kuliko inavyomkinga yeye. Katika mji wa baridi kama Eldoret hatari hiyo ni ndogo. Kisumu, Kerio na Busia, ambako ndugu wa wengi wanaishi, si ndogo.

Mbu mwenyewe anatambulika. Ni mdogo, mweusi, mwenye madoa meupe mwilini na pete nyeupe miguuni. Hapendi kupiga kelele sikioni. Huja kwa chini, kwenye vifundo na nyuma ya magoti, na akisumbuliwa huondoka na kumhamia mtu mwingine chumbani humohumo. Ndivyo mbu mmoja anavyoweza kuangusha nyumba nzima katika wiki moja. Mchana hupumzika chini ya kitanda, nyuma ya pazia, ndani ya kabati, kati ya nguo zilizotundikwa. Haruki mbali: mita mia chache maishani mwake mwote. Kwa hiyo anayemuuma mtu sebuleni huenda alizaliwa uani kwake au kwa jirani wa ukuta mmoja.

Alizaliwa ndani ya nini? Hapa mazoea yanapoteza watu. Kila mvua zikianza, mitaa huhimizana kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Ni kazi njema kwa mengine, lakini Aedes hana haja na mtaro wala maji ya choo. Anatafuta maji safi yaliyotulia kwenye chombo: pipa, tangi, ndoo, jerikeni iliyokatwa mdomo, sahani chini ya chungu cha maua, mfereji wa paa uliozibwa na majani, karai lililosahaulika nyuma ya jikoni. Tairi kuukuu ni makao yake bora, kwa vile maji yanayoingia ndani hayamwagiki, jua haliyafikii, na hakuna anayechungulia. Eldoret ina gereji nyingi na wauza matairi wengi kandokando ya barabara kuu. Matairi hayo hufika kutoka miji yenye joto, na mayai huweza kufika nayo.

Mayai ndiyo siri ya mbu huyu. Jike hayatagi juu ya maji. Huyabandika moja moja kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji. Ukimulika tochi ndani ya pipa lililokaa wiki mbili, utaona mstari mwembamba wa vidoadoa vyeusi, kama masizi yaliyogandia, pale maji yalipokomea. Mwenye nyumba akimwaga maji na kuliacha pipa likauke juani, anaamini amemaliza kazi. Mayai yale hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Siku maji yatakapoyafikia tena yataanguliwa, na kwenye joto viluwiluwi vitageuka mbu kamili kwa siku saba hadi kumi. Lazima chombo kisuguliwe ndani kwa brashi ngumu au sufi ya chuma na sabuni, kuanzia mdomoni hadi chini, mara moja kila wiki. Ratiba ya wiki inafuata mwendo wa mbu: inamkatiza kabla hajaota mabawa.

Wengine hudhani dengi ni ugonjwa wa mvua. Mwaka 2004 Lamu ilipatwa na chikungunya, homa inayofanana na dengi na kuenezwa na mbu huyuhuyu, katikati ya ukame. Watu walikuwa wakiweka akiba ya maji majumbani, visima na matangi hayakujazwa wala kusafishwa mara kwa mara, na mbu wakazaliana humo. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kila mtaa wenye mgao wa maji unapaswa kulikumbuka hilo. Katika ploti za kupanga, ambako vyumba kumi au zaidi hutegemea bomba moja, kila familia ina mapipa na mitungi yake mlangoni. Hakuna haki ya kumwambia mama mwenye watoto wanne aache kuweka maji. Analoweza kuambiwa ni kufunika: mfuniko unaobana, au kitambaa kizito kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Mfuniko uliopinda na kuacha upenyo wa kidole ni mlango.

Tangi la maji ya mvua linataka wavu mdogo kwenye tundu la kuingizia maji na kwenye bomba la kufurikia; fundi akijenga hukumbuka la kwanza na kusahau la pili. Kwa tangi lisiloweza kusuguliwa, ziko dawa za kuua viluwiluwi zilizoidhinishwa kwa maji ya kunywa, na afisa wa afya ya umma ndiye wa kuulizwa kabla ya kutia chochote. Matairi yahifadhiwe chini ya paa au yatobolewe matundu yavuje. Wavu wa dirishani unafaa kuliko dawa ya kupuliza. Ile ya mtaani yenye moshi huua mbu wanaoruka saa hiyo na kuacha mayai na viluwiluwi vilevile; wiki ikipita wengine wametoka.

Njia mpya zipo, nazo zinatia moyo. Mjini Yogyakarta, Indonesia, mbu waliopandikizwa bakteria wanaoitwa Wolbachia waliachiwa mitaani, na maambukizi ya dengi yakapungua kwa asilimia 77 katika maeneo hayo. Mwezi Mei 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha chanjo ya TAK-003 ya kampuni ya Takeda kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 katika maeneo yenye maambukizi mengi. Haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za Kenya. Kwa familia ya Eldoret, kinga iliyo mkononi leo ni brashi, mfuniko, na tahadhari safarini.

Na safari yenyewe si jambo la kuachwa. Anayeshuka Pwani au Kisumu achukue mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu, ayapake asubuhi na alasiri, si usiku peke yake. Watoto wavae suruali ndefu na soksi wakicheza nje. Mtoto anayelala mchana awekewe neti. Akishafika nyumbani, aandike tarehe aliyoondoka huko mahali familia yote itaiona, kwenye simu au kalenda ya ukutani, na kwa siku 14 zinazofuata homa yoyote ihesabiwe kuwa na uhusiano na safari hiyo hadi ithibitishwe vingine. Akiugua, karatasi anayokwenda nayo kliniki iwe na mambo matatu: alikokuwa, tarehe aliyorudi, na siku homa ilipoanza. Mhudumu akiyasoma, ana sababu ya kuagiza kipimo cha malaria na cha dengi kwa pamoja, na kumtaka mgonjwa arudi kesho yake kuhesabiwa chembe sahani, hata kama atakuja akisema amepata nafuu.